Bunduki za Namba Moja

Nimemwuliza mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka baba yangu alikufaje, na kila mara amenijibu kwa habari za bunduki. Si mtu wa kukwepa kazi wala si mtu wa maneno mengi, lakini swali hilo likifika anainua kidole gumba na kuanza kuhesabu: kulikuwa na ile ya maji, ile ya Mwingereza, ile ya mkanda na ile ndogo. Akifika kwenye ile ndogo anaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yanaishia hapo. Nimezaa, nimelea, nimeanza kuvaa miwani ya kutungia sindano, na mpaka juzijuzi niliujua uzito wa bombomu nne vizuri kuliko nilivyoijua siku ya mwisho ya baba.

Kwetu Izigo anaitwa Namba Moja. Jina hilo alipewa na mama, na maelezo yake ni mafupi. Bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ni ya watu wawili. Mmoja analala nyuma yake na kupiga, huyo ni namba moja. Wa pili analala ubavuni, anabeba risasi, anabadilisha magazini na kuuangalia mtutu usiungue, huyo ni namba mbili. Katika vita vya Kagera yeye alikuwa namba moja na baba yangu alikuwa namba mbili. Baba hakurudi. Mwenzake alirudi, akakaa kwao Ijuganyondo msimu mmoja wa kahawa, kisha akamwachia mdogo wake kibanja chote, migomba na kahawa, akaja Izigo na begi moja na kujenga nyumba ya vyumba viwili mwisho wa migomba yetu. Mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni.

Kilichomleta ni omukago. Watu wa huku wanaujua, ila vijana wanausikia tu. Watu wawili wasio ndugu wanachukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani lina punje mbili zilizolala pamoja. Kila mmoja anachanjwa kidogo tumboni, punje moja inapakwa damu ya huyu, nyingine ya yule, na kila mmoja anameza ya mwenzake. Kuanzia hapo watoto wako ni wake, njaa yako ni yake, na atakayemdhuru mwenzake atakuwa amejilaani mwenyewe na uzao wake. Mapadre hawakuupenda, lakini baba na Namba Moja waliufanya kambini, mbali na mapadre, kwa kahawa ambayo bibi yangu alikuwa amempa baba ya kutafuna njiani.

Basi alitulea. Alipalilia, alivuna kahawa yetu kabla ya yake, alikwenda shuleni kwangu nilipofukuzwa kwa utundu, akasimama mbele ya mwalimu mkuu amenyooka mpaka mwalimu mwenyewe akajikuta amesimama. Hakuoa. Wanawake kisimani walisema anamsubiri mama, na wengine walisema hasubiri tena, ameshapata. Uongo mtupu. Katika miaka yote hiyo sikumwona akipita sebule ya mama kwenda ndani. Siku moja shangazi alimwuliza mama waziwazi, mbele yetu, kwa nini asiolewe na mtu ambaye tayari anamlimia. Mama alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Niolewe naye ya nini? Mimi na yeye tumefiwa na mtu mmoja. Tukikaa nyumba moja nani atampa mwenzake pole?"

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea hapa Muleba karibu na soko. Siku za mnada Namba Moja alikuwa akipanda gari kutoka Izigo na kuja kukaa kwenye benchi la wateja tangu asubuhi mpaka alasiri. Ukimwuliza hali, anasema, "Nimechoka," kwa sauti ile ile ambayo wengine wanasemea "sijambo." Hapo kwenye benchi ndipo nimeyasikia mengi ya bunduki zake, kwa sababu vijana wanaokuja kupunguziwa suruali wana midomo, na wakijua ni mzee wa vitani hawawezi kunyamaza.

Mmoja, dereva wa bodaboda, alimwuliza, "Mzee, katika zote ulizoziona, bombomu ipi ni bora?"

"Bora kwa nani?"

"Kwa vita."

"Ya kubeba au ya kupiga? Siku ya kwenda au siku ya kurudi?"

Kijana akacheka, akidhani ni utani. Namba Moja hakucheka. Akainua kidole gumba.

Ya kwanza, alimwambia, ni ile ya maji. Hiyo ni ya babu zetu, Mjerumani na Mwingereza walipigana nazo hapa hapa kwenye vilima vya Bukoba. Yeye aliikuta kambini imewekwa kama pambo, lakini sajenti mmoja mzee aliwahi kuifundishwa, akawaeleza. Mtutu umevikwa pipa, na pipa limejazwa maji. Haipati moto haraka. Ukiwa na maji na risasi, inapiga kutwa nzima bila kulalamika. Hakuna bunduki ya leo ya askari wa miguu inayoweza kukaa kazini namna ile. Lakini haikimbii. Inataka watu watatu, wanne, mmoja na miguu yake ya chuma, mmoja na mwili wake, wengine na risasi na madebe. Maji yakichemka mvuke unapanda, na adui aliye ng'ambo anauona kama moshi wa jikoni. "Na askari wana kiu," alisema, "wanatazama bunduki inakunywa."

Ya pili ni ya Mwingereza, waliyoiita Breni. Hiyo ndiyo aliyojifunzia kazi, akaishi nayo miaka. Magazini yake inakaa juu, imejipinda kama pembe. Uzuri wake ni kwamba namba mbili anaibadilisha bila kunyanyuka, anapapasa tu. Uzuri wa pili, mtutu unatoka. Ukipata moto, namba mbili anaukamata kwenye kishikio chake, anauzungusha, anachomeka mwingine, na unaendelea kupiga kabla hujamaliza kutukana. Inapiga sawasawa mno. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba risasi zote zinakwenda shimo moja, wakati bombomu unataka inyunyize kidogo. Na risasi zenyewe hazifiki hata thelathini. Utamu ukianza, zimekwisha. Ile magazini ya juu nayo inachungulia kwenye majani kabla ya kichwa chako.

Ya tatu ni ya mkanda, ya Mrusi, na Mchina naye akaitengeneza. Mkanda wa risasi mia umekunjwa ndani ya kopo chini ya bunduki. Nyepesi kuliko Breni, unakimbia nayo, na risasi mia si mchezo. Lakini mtutu wake hautoki. Ukiupiga bila kuupumzisha, unauharibu, basi. Na mkanda ukiingia tope, bunduki inauvuta kama mzee anayepanda mlima.

"Na ya nne?" kijana aliuliza.

"Ya nne ni ndogo. Ni kama bunduki ya kila askari, imerefushwa mtutu na kuwekewa miguu miwili. Nyepesi kuliko zote. Magazini ya mwenzako yeyote inaingia. Ukifa, mtu yeyote anaiokota na anajua pa kushika." Akanigeukia. "Mwanangu, una maji ya kunywa hapo?"

Nikampa maji. Dereva akachukua suruali yake na kuondoka bila kujua kwamba amefikishwa mahali ambapo mimi nimekuwa nikifikishwa maisha yangu yote.

Kilichomkera zaidi ni sinema. Mtu anasimama peke yake, ameshika bombomu kiunoni, anapiga dakika tano. "Risasi kabeba nani?" angeuliza, na asingekubali jibu la kubabaisha. Alikuwa na hasira ya kweli juu ya jambo hilo. Alisema kila bombomu duniani, ya zamani au ya sasa, ni mtu anayepiga na mtu anayebeba, na walimwengu wamekubaliana kumsahau anayebeba. Nilipokuwa msichana nilidhani anasema hivyo kunifurahisha mimi, mtoto wa namba mbili. Baadaye niliona kwamba mbele yangu ndipo alipolisema kwa shida zaidi.

Mwaka mmoja walimu wa shule ya hapa jirani walimwita awaeleze wanafunzi juu ya ushujaa. Nilimshonea koti upya kwa ajili ya siku hiyo, nikaenda naye. Alisimama mbele ya mkusanyiko, akasema, "Breni bila risasi ni kama kilo kumi," kisha akaomba ndoo ya lita ishirini. Akaijaza nusu. Akamwita mvulana aliyekuwa anacheka nyuma, akamwambia aikumbatie na azunguke uwanja mara tatu. Mvulana akazunguka. Aliporudi akihema, Namba Moja akamwuliza, "Unajisikia shujaa?"

"Hapana, Mzee. Nasikia mgongo."

"Keti. Huyu ameelewa," akawaambia walimu, na yeye mwenyewe akaketi. Mwalimu wa historia alikuwa ameandaa maswali kumi na mawili. Tulirudi nyumbani tukiwa na soda ambazo hazikunywewa.

Msinione namsifu tu. Ni mtu mgumu. Ni mkali kwa watu wanaopita mbele yake. Njiani lazima atangulie yeye, hata kama ni kwenda msalani, na wanawake wengi wamemwita mwenye majivuno kwa sababu hiyo. Wakati wa senene, wale panzi wa kuliwa, watu wote wakiwa wamejaa kicheko na ndoo, yeye hujifungia ndani kwa sababu vishindo vya watoto kwenye mabati ya kuwanasia vinamtibua. Anachukia bunduki, hataki hata picha yake karibu na bunduki, lakini umtajie aina yoyote atakueleza urefu wa mtutu. Aliwakataa mgambo walipomwomba afundishe, akasema hajui kitu. Jioni ile ile alinieleza kwa saa nzima jinsi ya kulala nyuma ya bombomu bila kuumia bega, mimi nikiwa nimeshika kanzu ya mteja na sina haja kabisa na elimu hiyo.

Halafu kuna swali lake. Kila mashine aliyoiona aliiulizia swali moja: "Ukiacha, inakaaje?" Alimwuliza mwenye mashine ya kukoboa kahawa. Alimwuliza mtu wa jenereta. Siku niliponunua cherehani ya umeme, nikaiweka kando ya ile ya miguu, nilitegemea atasifia mwendo. Alisogea akatazama.

"Ukiacha kushona, sindano inakaa wapi?"

"Inapokaa, Baba Mdogo. Juu au chini, nitajuaje?"

"Ile ya miguu unaizungusha kwa mkono, unaiinua mwenyewe. Unajua iko juu. Hii inaamua yenyewe." Akazungusha gurudumu mpaka sindano ikatoka kwenye kitambaa. "Usiache sindano ndani ya nguo ukaondoka. Mtu atakuja kuvuta nguo."

"Atachomwa kidole, atapona."

Tangu siku hiyo, kila akija, kabla ya kuketi alipita kwenye mashine zangu na kuinua sindano. Nilimwona mzee anayeanza kuchanganyikiwa, nikamwacha.

Mtoto wangu wa kwanza ni msichana, Kemilembe. Alipomaliza kidato cha sita na mafunzo ya jeshi, akabaki huko huko. Mimi nililia, mama alilia, Namba Moja alishinda shambani siku mbili. Kisha akaanza kumwita "Afande" na kuulizia barua zake, ingawa siku hizi hakuna anayeandika barua. Nilikuwa nikimsomea ujumbe kwenye simu na yeye ananiambia nisome tena.

Mwishoni mwa mwaka jana Kemi alikuja likizo. Tulikwenda Izigo, na mchana, baada ya kula, tukamfuata Namba Moja kwake kwa sababu nyonga yake ilikuwa imekataa kumleta kwetu. Alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha mbao, amekonda, kola ya shati imekuwa pana shingoni. Kemi akampa shikamoo, akakaa chini kwenye mkeka, na kwa kuwa mikono yake haijui kukaa bure akavuta kisu na kuanza kumenya ndizi za jioni. Mimi nilikaa mlangoni. Nilikuwa nimechoka kwa sare za shule za Januari, nikitaka tu kusinzia.

"Afande," alimwambia, "wamekupa nini?"

"Bombomu, Babu."

"Namba ngapi?"

"Namba moja. Ila huwa tunabadilishana."

"Hiyo ya siku hizi ikoje?"

Kemi akamweleza vizuri, bila kujisifu. Ni ya mkanda, haifiki kilo nane. Mtutu unatoka, wana wa akiba. Inafika mbali, na ukiiwekea miguu mitatu inafanya kazi ya ile kubwa ya zamani. Ubaya wake, inakula risasi kama mchwa, na hizo risasi si zile za bunduki za wenzao, kwa hiyo zikiisha hakuna wa kumwazima. Mkanda mrefu ukiburuzwa chini unaokota kila takataka. Na ile inayobakia nyepesi ni bunduki, siyo mzigo wa namba mbili.

"Hilo umeliona," alisema Namba Moja. "Ukiacha kupiga, bolti ya kusukumia risasi inakaa wapi?"

"Nyuma, Babu. Chemba ya risasi inabaki tupu, hewa inapita, mtutu unapoa."

Akashusha pumzi kwa namna ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Basi hiyo ni mjukuu wa Breni. Breni nayo ilikuwa hivyo. Ukiacha, iko wazi. Huwezi kuiogopa."

"Ndiyo. Zile nyingine ndizo mbaya."

"Zipi?"

"Zile ndogo, zinazofunga. Ukiacha kupiga, risasi moja imeshaingia chemba na imekaa humo. Kama mtutu umepata moto sana, ile risasi inaiva. Inajipiga yenyewe, hujagusa kitu." Kemi alikuwa anaongea huku anamenya, kama anayerudia somo la darasa la tatu. "Wiki ya kwanza tu tunafundishwa. Ukimaliza kupiga, toa magazini, vuta bolti, chungulia chemba. Na mtu yeyote asiende mbele ya mtutu."

"Wiki ya kwanza," alisema Namba Moja.

"Ndiyo, Babu."

"Wiki ya kwanza."

Nilikuwa nimeamka kabisa. Nilimtazama, na yeye akanitazama mimi, si Kemi. Hakuomba maji.

"Mwanangu," aliniambia, "uliniuliza."

Akalieleza lote bila kuinua sauti. Ile ndogo walipewa siku mbili kabla. Waliambiwa ni kama bunduki za wenzao, tofauti ni urefu. Labda waliambiwa na mengine, alisema, labda alikuwa amesinzia, hataki kumsingizia mtu. Walikuwa ndani ya shamba la migomba ng'ambo ya mto, wakiwafunika wenzao waliokuwa wanasogea. Alipiga magazini baada ya magazini, baba anampokeza nyingine, yeye anapiga, mpaka mtutu ukabadilika rangi. Kisha wenzao wakafika walikokuwa wanakwenda, akaacha. Kwa Breni, hapo ndipo namba mbili anapofanya kazi yake: anasogea mbele, anautoa mtutu. Huu haukutoka. Baba akakumbuka dawa waliyokuwa wamejifunza wenyewe humo humo migombani. Akakata kipande cha mgomba, kile cha ndani chenye maji, akajisogeza mbele ili aukandamize mtutu upoe.

"Mimi nilikuwa nimeshika chupa ya maji," alisema. "Mkono huu. Nilikuwa nakunywa. Bunduki ililia mara moja, yenyewe."

Kemi alikuwa ameacha kumenya.

"Nikasema ni adui. Kila mtu alikuwa anasema adui, hakuna aliyeniuliza mara mbili. Nikaandika adui. Nikaja hapa nikamwambia mama yako adui. Na mama yako akafanya nini? Unajua anachofanya."

Nilijua. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya baba, mama hupeleka nia mbili za misa. Moja ni ya baba. Ya pili katekista huisoma hivi: kwa ajili ya askari aliyemwua, popote alipo, kama ni mzima au ni marehemu, Mungu amsamehe. Parokia nzima imezoea. Padre mmoja aliwahi kuitolea mahubiri.

"Nakaa benchi la nyuma," alisema, "nasema amina. Miaka yote hii. Nimechoka, mwanangu."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika. Nilikasirika hivi kwamba nilisimama nikatembea mpaka kwenye mti wa kahawa na kurudi, na nilichosema kilikuwa hiki: "Umenieleza uzito. Umenieleza urefu wa mitutu. Mimi nilikuwa mtoto nakuuliza baba yangu yuko wapi, wewe unanieleza mikanda!"

"Nilikuwa naanza," alisema. "Kila mara nilikuwa naanza. Nilidhani nikianzia mbali nitafika."

Akaniomba nimwambie mama. Nikakataa. Nilimwambia miguu anayo. Kemi, ambaye ndiye mwenye akili katika ukoo huu, aliinuka, akampa bega, wakaenda polepole kati ya migomba kama majeruhi na mwenzake, mimi nyuma yao.

Mama alikuwa jikoni. Alitoka, akamkaribisha sebuleni, akasema kwa heshima ya siku zote, "Waitu, nyonga imepona?" Namba Moja hakuketi. Alisema maneno machache zaidi kuliko aliyoniambia mimi. Nadhani alikuwa amechoka kuanzia mbali. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, ameshika kanga yake kifuani.

"Toka," alimwambia.

Akatoka.

Hiyo ilikuwa Desemba. Kemi alirudi kazini, mimi nilirudi Muleba kwenye sare zangu, na Namba Moja hakuja tena mnadani. Nilipokwenda Izigo nilikuta chakula hakipelekwi kwake kutoka kwa mama. Jirani ndiye aliyekuwa akimwangalia. Nilijaribu kumsemea. Nilimwambia mama kwamba ni bunduki, si mtu. Akaniuliza, "Bunduki ndiyo iliyoniambia adui?" Nilimwambia kwamba ametulimia maisha yake yote. Akasema hilo analijua, yeye ndiye aliyekuwa akila. Alikuwa amezeeka ndani ya wiki chache, na mimi nilijilaumu kwa kuuliza swali ambalo lilikuwa limekaa kimya bila kumsumbua mtu mwingine. Usiku nilifikiri juu ya yule kijana wa miaka ishirini na kitu anayeshusha chupa ya maji mdomoni, na hasira ikanitoka, asubuhi ikarudi.

Siku ya kumbukumbu ya baba ilipofika nilikwenda Izigo mapema kumsaidia mama kuvaa. Alikuwa ameshavaa. Sikumwuliza kama amepeleka nia za misa. Kanisani tulikaa mahali petu, na nilipogeuka nikamwona Namba Moja kwenye benchi la nyuma, amekuja na fimbo, peke yake. Nilidhani asingethubutu. Baadaye nilifikiri kwamba kutokuja ndiko kungekuwa rahisi.

Katekista akasoma nia. Ya wagonjwa, ya mtihani wa mtoto wa fulani, ya mvua. Akasoma ya baba. Kisha akasogeza karatasi karibu na macho, maana mwandiko wa mama ni wa shida, akasoma: kwa ajili ya, na hapo akataja jina, la ubatizo na la ukoo, akalirudia kwa sababu mara ya kwanza hakuwa na uhakika, Mungu amsamehe na ampe amani. Silitaji hapa. Lilitajwa mara mbili mbele ya watu wote, linatosha.

Hakuna aliyeelewa. Karibu kanisa lote lilijua jina lile ni la Namba Moja, lakini walichoelewa ni kwamba mzee ni mgonjwa na ameombewa. Nilimsikia mama kando yangu akisema amina, kwa sauti ya kawaida. Kutoka nyuma sikusikia kitu.

Baada ya misa wakamzunguka nje. Mmoja alimshika mkono, mwingine akamwuliza kama amekwenda hospitali. Mwenyekiti wa jumuiya akamlaumu kwa kukaa kimya wakati wenzake wapo. Yeye alisimama katikati yao ameshika fimbo kwa mikono miwili, akitafuta pa kuanzia.

"Pole, Mzee," waliendelea. "Unaumwa nini? Tangu lini?"

Mama alikuwa anapita. Alisimama, akarekebisha kanga yake, na bila kumtazama akawajibu kwa niaba yake.

"Anaumwa tangu vitani," alisema. "Mimi ndiye nimechelewa kuambiwa."